Likitoka Paa

Baleni, Mafia
3 Novemba 2024

Mdogo wangu Sabra,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo tangu Jumanne limeamua kuishi maisha yake peke yake. Wifi yako Safia anakusalimu. Mama naye anakusalimu, anasema kunenepa au kukonda ni shauri lako, mradi unakula.

Unashangaa barua, na simu zipo. Yangu naipokea gereji katikati ya wateja, na ya Mama haiwekwi sikioni. Anataka spika, na spika yake inasikika mpaka kisimani. Mwezi uliopita uliposema tumbo linakusumbua, nilipewa pole na watu watatu kabla sijafika gereji. Jambo hili nataka tuliongee wawili. Nimempa barua mwalimu Devota, amepata ruhusa ya kwenda kwao huko Morogoro, na hana tabia ya kufungua bahasha za watu. Hata hivyo nimeifunga kwa gundi ya tairi.

Sabra, juzi nimeshtuka. Nimepita kwa Mama asubuhi kabla ya kufungua gereji, nikamkuta juu ya ngazi. Mama yetu, miaka themanini na moja, kanga kaifunga kiunoni, kuti moja mkononi, anachomeka kwenye paa.

"Mama, shuka!"

"Kushuka nitashuka, sikuja kuhamia huku. Wewe shika ngazi, maneno baadaye."

Paa lile ulikumbuke lilivyo. Lina makuti ya kila umri, kama darasa la kisomo cha watu wazima. Kila wiki anatoa moja bovu na kuweka moja jipya. Mvua ya juzi ilikuwa ndogo, nikahesabu mabakuli saba sakafuni. Masika ya Machi yakimkuta hivi tutamwokota akielea.

Kwa hiyo nasema tumwezekee bati. Swali ni tulipeje. Nilikwenda ofisi moja ya mikopo Kilindoni, kijana akaniuliza hati ya kiwanja. Nikamwambia hati ni Mama mwenyewe, yupo pale tangu mimi sijaoa. Akacheka kwa adabu, akamwita mteja mwingine. Njia ya pili ni tuchange mimi na wewe. Kuna pia ile minazi kumi na minane aliyotuachia Baba, kumi na miwili yangu na sita yako, inayozunguka nyumba. Sitaki kuigusa. Nimeitaja kwa kuwa ipo.

Mama nikimtajia bati anaanza habari za kuku.

Ni mimi kaka yako,
Mbaraka

*

Morogoro
27 Novemba 2024

Kaka Mbaraka,

Shikamoo. Barua nimeipata, nimeifungua kwa mkasi wa kukatia jinzi, gundi yako ni nzuri. Tumbo limepona, wape asante wale watu watatu. Kazi ipo, ni msimu wa mahafali na sare, cherehani zote mbili zinalia kutwa. Msalimie wifi Safia, na ulikande goti lako kwa maji ya chumvi.

Kuhusu paa. Mama kupanda ngazi si vizuri, nakubali. Lakini mimi naona tusiende mbio. Tununue makuti, Kaka, kumikumi. Nitakuwa natuma pesa ya makuti kumi kila mwezi, na wewe umtafute mtu wa kumchomekea, asipande mwenyewe. Upande mmoja kwanza, halafu mwingine. Usitoe lote kwa pamoja.

Bati lina joto, na mvua ikinyesha hamtasikilizana humo ndani. Tena chumvi ya bahari inalila.

Nakuomba sana hilo la kutotoa lote kwa pamoja.

Mdogo wako,
Sabra

*

Baleni
22 Desemba 2024

Mdogo wangu Sabra,

Marahaba. Tumshukuru Mungu, goti limerudi nyumbani. Embe zimekuwa nyingi mpaka kuku wanazikataa. Safia amejiunga na akina mama wa mwani, anarudi jioni mikono imekunjamana, anasema angalau huko baharini hakuna anayemwuliza chakula kiko wapi.

Barua yako niliisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika kiasi utakachochanga. Nikapata makuti kumi. Sabra, mimi ni mtu wa darasa la nne, elimu yangu nyingine nimeisomea kwenye magazeti yaliyofungia vitumbua, lakini mtu anayekwepa namjua. Wateja wa gereji wamenifundisha. Anayetaka kulipa huuliza bei. Asiyetaka huanza kunieleza pikipiki inavyofanya kazi.

Joto! Nyumba nzima ya mjumbe ni ya bati na hajaiva bado. Bahari nayo iko mbali na kwa Mama, labda chumvi itapanda pikipiki.

Sikulaumu. Mjini maisha ni magumu. Nasema tu kwamba ukiwa na jambo la kusema, liseme. Usinitumie makuti kumikumi kama dawa za malaria.

Mimi nitatafuta njia. Njia gani, usiniulize.

Kaka yako,
Mbaraka

*

Morogoro
16 Januari 2025

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimepiga simu Jumapili, ukaniambia la paa bado mnalifikiria. Sauti yako ilikuwa na furaha nisiyoielewa, nikaogopa. Njia gani hiyo nisikuulize?

Sikwepi. Nitakuja mwenyewe mwishoni mwa Shaabani, kabla ya mfungo. Jambo nililonalo siwezi kuliandika, na kwa spika ndiyo kabisa. Nisubiri. Mpaka nifike, kwa jina la Mungu, usiguse paa.

Sabra

*

Baleni
29 Januari 2025

Sabra,

Barua yako ya tarehe kumi na sita imenifikia leo saa nane mchana, imekaa wiki nzima kwenye begi la mtu aliyesubiri boti Nyamisati. Paa limetoka juzi asubuhi.

Salamu nitazitafuta nikimaliza.

Nilitaka iwe furaha ya ghafla, kwenu wote wawili. Mama alikwenda Ndagoni kwenye harusi, siku mbili. Nikaleta mafundi watatu. Kufikia adhuhuri hapakuwa na kuti hata moja juu, na yale ya zamani tuliyachoma pale uwanjani, moshi ukaonekana mpaka skuli. Bati nilishazinunua, zimepangwa mlangoni zinametameta. Nilijiona mwana niliyekamilika.

Mama akarudi jioni kwa bodaboda. Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliingia, akasimama katikati ya ukumbi, akatazama juu.

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Hata upande wa jikoni?"

"Hata wa jikoni. Kesho tunaanza kupiga misumari."

Akakaa juu ya lundo la bati kama mtu aliyefika stendi akakuta basi limeondoka. Halafu akanieleza, polepole, kama anavyomweleza mtoto.

Ardhi ile si yetu, Sabra. Haikuwa yetu hata siku moja. Baba aliiazima kwa mke wake mdogo, Bi Amina wa Kirongwe, ambaye aliirithi kwa baba yake. Minazi Baba alipanda kwa ruhusa, kwa hiyo minazi ni yetu, lakini udongo ni wa Bi Amina. Baba akafa bila kutuambia. Baada ya eda Mama akaenda Kirongwe kwa miguu yake kumwomba mke mwenziwe asimtoe. Bi Amina akampa neno moja mbele ya watu wawili, marehemu sasa: "Kaa chini ya paa hilo hilo alilokuezekea mume wetu. Likitoka paa, na wewe utoke."

Bi Amina alihesabu makuti yataoza kwa miaka minne. Mama akawa anabadilisha kuti moja moja. Miaka ishirini na miwili, Sabra! Paa halikutoka hata siku moja. Mpaka nilipolitoa mimi, kwa asubuhi moja, nikawalipa na mafundi.

Na kila Idi nilikuwa nakwenda Kirongwe kumpa mama mdogo Amina mkono wa Idi. Kila Idi ananiuliza, "Paa la mama yako bado lipo?" Nami kwa fahari: "Lipo, mama mdogo, Mama analitunza sana." Nilidhani ni mapenzi.

Mama amekataa kuja kulala kwangu. Anasema akivuka ule mlango na mkoba, ametoka. Amelala chini ya chandarua, juu yake mbingu.

Andika upesi.

Mbaraka

*

Morogoro
4 Februari 2025

Kaka,

Nimepiga simu mara nne, umekata mara nne. Basi nakuandikia.

Nilijua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikwenda naye Kirongwe siku ile, nilibaki nje lakini nilisikia. Njiani kurudi akaniapisha kwenye msahafu nisikwambie wewe. Nikamwuliza kwa nini kaka tusimwambie. Akasema, "Mbaraka ana gereji. Kinachoingia gereji kinatoka na kila pikipiki." Nisamehe, ni maneno yake.

Ndiyo maana nikakuandikia makuti kumikumi. Nilidhani utaniona bahili na utakasirika, na mtu aliyekasirika hachangi, na paa litabaki. Sikufikiria kwamba utapata pesa kwingine.

Ulipata wapi pesa ya bati, Kaka?

Mwambie Mama asitoke nje ya mlango ule. Usipige hata msumari mmoja.

Sabra

*

Baleni
9 Februari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba kwa shikamoo uliyoisahau, ninakuelewa.

Bi Amina amekuja. Ule moshi haukwenda bure, habari zilimfikia Kirongwe siku ile ile. Kaja na mjukuu wake Taufiki, yule anayepeleka wageni kumwona papa potwe. Taufiki kaniamkia kwa heshima zote, na futi ya kupimia imening'inia kiunoni. Anataka kujenga vyumba vya wageni pale. Hakuficha.

Mama alikuwa ndani, kavaa kanga mpya, kaketi kwenye mkeka kama kuna dari.

"Hodi," Bi Amina akasema.

"Karibu ndani."

"Ndani wapi, Biubwa? Jua lote hili!"

"Pita mlangoni, usipite ukutani. Hii bado nyumba."

Wakapeana mikono. Mimi nilisimama pembeni nikijifanya nashikilia nguzo.

"Miaka ishirini na miwili nakungoja," Bi Amina akasema. "Nilijiambia minne, nikavumilia minne. Unaniibia kuti moja moja, wewe mwanamke."

"Sikuchukua chako hata kimoja. Ulisema paa, nami nikakaa chini ya paa."

"Sasa paa limetoka."

"Kalitoa mwana wa mume wako. Mwulize yeye, huyo hapo kwenye nguzo."

Wote wakanitazama. Sabra, nimetazamwa na trafiki Kilindoni, nimetazamwa na mkwe wangu siku ya posa. Hili lilikuwa kubwa zaidi.

Bi Amina akasema neno ni neno, anampa Mama mpaka kuandama kwa mwezi wa Ramadhani. Nikajua kumekwisha. Mama akamimina chai, taratibu, halafu akauliza kama mtu anayeuliza bei ya mchicha:

"Minazi inayoizunguka nyumba hii ni ya nani, Amina?"

"Ya watoto wako. Nani kasema siyo?"

"Basi nikitoka mimi, minazi inabaki. Mjukuu wako atajenga vyumba katikati ya minazi ya watu. Kila miezi mitatu mkwezi wa Mbaraka atapanda juu ya dirisha la mgeni, na nazi zitaanguka zitakapo. Mgeni katoka Ulaya kuja kumwona papa, afe kwa dafu."

Taufiki aliacha kunywa chai.

"Chukua minazi yote kumi na minane iwe yako," Mama akasema. "Shamba lako liwe safi. Mimi nipe chini ya nyumba hii na njia ya kupita, iandikwe, mjumbe atie muhuri. Nikae kwangu."

Bi Amina akamtazama mjukuu wake. Mwisho akasema, "Hilo ungelisema miaka ishirini iliyopita."

"Miaka ishirini iliyopita hukuwa na mjukuu mwenye futi."

Akakubali! Mke mwenza akakubali, Sabra, nikataka kurukaruka na goti langu hili. Na hapo ndipo nilipokumbuka.

Uliniuliza swali, nalo nimelikimbia mpaka mwisho wa ukurasa. Pesa ya bati nilikopa kwa Suleimani mwenye duka la mbata. Niliweka minazi rehani. Yeye anaangua nazi mpaka pesa yake irudi. Nilisema ni ya mwaka mmoja tu.

Ilibidi niseme pale pale, mbele yao. Taufiki akairudisha futi yake ndani, trrr.

Mama akauliza kitu kimoja tu. "Na sita ya Sabra?"

Nikasema na sita ya Sabra.

Minazi isipokombolewa kabla ya Ramadhani, hatuna cha kumpa Bi Amina, na Mama anatoka. Nimekuandikia kila kitu. Sina kilichobaki cha kuficha, na sikuzoea hali hii.

Mbaraka

*

Morogoro
16 Februari 2025

Kaka Mbaraka,

Shikamoo. Leo nimeikumbuka.

Nilisoma barua yako dukani, mteja akaniuliza nani amefariki.

Minazi sita si kitu, najua. Sijaionja nazi yake miaka mitatu. Lakini wenzangu hapa wakitaja viwanja na nyumba zao, mimi nilikuwa nasema nina minazi sita Mafia. Nilikuwa na sentensi ya kusema. Umeiweka rehani bila hata kuniuliza, na huku unaniandikia habari za wateja wanaokwepa. Nimelia, kisha nimecheka, kisha nimekasirika upya. Hilo ulijue, sitalirudia.

Sasa sikiliza. Bati zako zimelala bado hazijatobolewa. Taufiki anajenga, anahitaji bati. Muuzie yeye. Pesa hiyo mpelekee Suleimani siku hiyo hiyo, usipitie gereji. Itakayopungua nimeituma leo kwenye simu ya wifi Safia, siyo yako. Nimeitoa wapi, usiniulize.

Minazi yangu sita apewe Bi Amina. Nimeridhia, na barua hii ndiyo sahihi yangu.

Jambo la mwisho. Nimezisoma barua zako zote tangu Novemba, na zangu nazikumbuka. Wewe umeandika bati, mimi nimeandika makuti kumikumi, tumegombana tulipeje. Hakuna mahali mmoja wetu alipomwuliza Mama anataka paa gani.

Nenda kamwulize. Nami nakuja, boti ya tarehe ishirini na tano.

Sabra

*

Baleni
5 Machi 2025

Mdogo wangu Sabra,

Assalaam alaykum, na Ramadhani karimu. Umeondoka juzi tu, lakini Mama anasema ulipofika ulikuwa na wageni kutwa na hukusikia yote, nikuandikie vizuri. Sasa hataki tena spika. Anasema ameshatosha kusikika.

Kwanza yale usiyoyaona. Taufiki alinunua bati zote. Alizigongagonga moja moja, akaomba punguzo, nikampa, sikuwa na uso wa kukataa. Suleimani alipokea pesa yake lakini alishaangua mzao mmoja, akasema huo ni wa usumbufu. Nikasema haya. Mjumbe akaandika, Bi Amina akaweka dole gumba, muhuri ukapigwa mara mbili kwa kuwa wa kwanza ulitoka nusu.

Halafu nikatimiza agizo lako. Nikamkuta Mama anachambua mchele chini ya lile turubai nililoazima, nikamwuliza, "Mama, wewe unataka paa gani?"

Akaniangalia kama ndiyo kwanza ananiona.

"Makuti."

"Makuti tena, Mama? Baada ya yote haya?"

"Makuti. Lakini mapya yote. Yafungwe siku moja, kutoka upande huu mpaka upande ule, yawe na rangi moja. Nimekaa chini ya viraka tangu baba yenu afe. Nataka nione paa jipya zima kabla sijafa, na watu waje wale."

Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu. Miezi minne, Sabra. Minazi kumi na minane, bati, rehani, viapo. Na mwanamke alikuwa anataka makuti.

Siku yenyewe uliiona, mafundi sita juu, sisi tunavunja jungu chini, wali wa nazi tulizonunua kwa Suleimani, ambazo ni zetu. Ila ulikuwa jikoni wakati Bi Amina alipokuja, kwa hiyo hili hukulisikia. Alikaa kwenye mkeka na Mama, sinia moja. Akainua macho, akasema upande wa jikoni wameupindisha, mafundi wa siku hizi hawana macho, ilitakiwa waambiwe wafungue waanze upya.

Mama akamaliza kutafuna.

"Amina," akasema, "hapa ni kwangu. Nikitaka, nakufukuza sasa hivi."

Fundi wa juu aliacha kufunga.

"Nifukuze basi," Bi Amina akasema.

Mama akaligeuza sinia, upande wenye nyama ukaenda kwa mke mwenziwe.

"Kula kwanza," akasema.

Kaka yako,
Mbaraka